Ngoma Isizime: Redio ya Ndae Ikilia na Ufunguo Uko Mfukoni

Maze, hakuna kimya mbaya kama ile ya kuzima ndae katikati ya ngoma. Crew imejaza viti vya nyuma, madirisha ziko chini, mtaa mzima unajua umefika. Beat iko karibu kudrop. Unazungusha ufunguo. Kwisha. Bass imekatwa shingo, na sasa kila mtu anaskia mbwa ya jirani na mathe wa mboga akiitisha chenji.

Hiyo kimya ndio tunazika leo.

Najua utasema: si uache tu ufunguo kwa ACC? Fiti, na kama hukuwa unajua hiyo, anzia hapo. Ufunguo una stage zake: LOCK, ACC, ON, START. Wacha kwa ACC. Usiache kwa ON, juu ON inaamsha vitu mob zenye huhitaji, kompyuta ya gari, sensa, taa za dashi, na zote zinakula betri ukicheza. Kama ndae ni ya kubonyeza, bonyeza mara moja bila kukanyaga brek, uko ACC. Bonyeza tena, uko ON. Ile ya kwanza inatosha.

Lakini ACC iko na shida zake, na kila msee wa base anazijua. Ufunguo wa ndae umefungwa na wa keja. Unataka kuingia ndani kuchukua chaja, ngoma inakufa. Unaenda duka, ngoma inakufa. Ukiacha ufunguo ndani, kuna yule beshte mmoja, unamjua, ataamua "anazungusha tu hapo nyuma" na utamwona kesho. Halafu kuna ile ya kustart: ukifikisha ufunguo START, gari inakata ACC kidogo ili betri yote ipige starter. Redio inazima. Kama ni Android, inaanza kuboot upya na logo yake pale, crew yote ikitazama kama inangoja matokeo ya KCSE.

So tunataka redio yenye inaskiza wewe, haiskizi ufunguo. Inawezekana. Si uchawi. Lakini kuna njia ya werevu na kuna njia ya Fundi wa Meno.

Waya ni nyingi, za maana ni nne

Toa redio yoyote ya Luthuli Avenue, angalia nyuma. Rundo la waya. Tulia, usijam. Manjano ni stima ya saa zote. Inatoka kwa betri, ufunguo uwe ndani, uwe mfukoni, uwe umepotea Gikomba. Hiyo ndio inafanya redio ikumbuke stesheni zako, saa, na venye ulipanga bass. Nyekundu ni ACC, inapata stima ukizungusha ufunguo. Nyeusi ni ground, inashika chuma ya gari. Bluu yenye mstari mweupe ni remote, kazi yake ni kuamsha amp. Zile zingine zinatembea mbili mbili, nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, hizo ni za spika. Waachie spika.

Sasa skiza hii vizuri juu hapa ndio mchezo wote uko. Redio nyingi za siku hizi zinakula msosi wao kwa manjano. Nyekundu haibebi mzigo. Nyekundu inapiga tu hodi: "Mwenye gari amefika, amka." Ikitoka, redio inalala. So kufanya redio ikae macho, huhitaji waya nene wala kifaa cha bei ya rent. Unahitaji tu kuamua nani anapiga hodi.

Na kabla mjuaji akimbie na plaiz: hizo rangi ni za redio. Gari iko na rangi zake. Kwa Toyota, na nusu ya mtaa inaendesha Toyota, stima ya saa zote iko kwa waya ya bluu na manjano, ACC ni kijivu, ground ni kahawia, na kijani ni ya taa za usiku. Msee akikata soketi ya Toyota halafu aanze kuunganisha "rangi na rangi", anakuachia redio yenye inasahau stesheni kila asubuhi, ama ile haizimi kabisa. Multimita ni soo tano hivi. Pima. Kukisia ni ya lotto.

Fundi wa Meno

Kila mtaa uko naye. Hana multimita. Hana crimp. Ako na tepu nyeusi, kisu ya kukata sukuma, na meno. Anachuna waya na meno akikuangalia machoni.

Ukimwambia unataka redio isizime, atacheka, "Hiyo ni dakika mbili." Na ni ukweli, ni dakika mbili. Anachukua nyekundu ya redio, anaisokota pamoja na manjano, anazungusha tepu, anakudai thao. Ngoma inawaka bila ufunguo. Unamshukuru. Unapiga picha ya status.

Hapo umeuziwa shida kwa thao moja.

Juu sasa redio haijui kulala. Hodi inapigwa saa zote, usiku kucha, Jumapili yote. Kama redio ni ile ndogo ya USB na unakumbuka kuizima na kidole kila siku, utaishi. Lakini kama ni Android, hiyo ni simu kubwa imefungwa kwa dashi. Ukizima tu screen, ndani bado inafikiria. Tuseme inavuta nusu ampea ikiwa imejifanya imelala. Piga hesabu: nusu mara masaa 24, hiyo ni 12 Ah kwa siku moja. Betri ya Vitz, ile NS40, iko na kama 35 Ah ikiwa mpya kwa boksi. Ukipaki Ijumaa jioni uende ocha na mathree, Jumapili usiku unarudi kwa ndae imekauka. Gari yenye imelala vizuri inafaa kuvuta chini ya ampea 0.05. Hiyo inaweza kukaa wiki kadhaa na bado iwake.

Na ile tepu, buda. Gari imekaa kwa jua la parking mchana mzima, ndani ya dashi ni jiko. Gundi ya tepu inayeyuka, inateleza, waya inabaki uchi ikitafuta chuma ya kugusa. Ikigusa, na hakuna fyuzi, kitu itaungua, na si lazima iwe waya peke yake.

Kuna fundi mwingine, binamu yake. Huyo amesikia habari ya swichi. So anaweka swichi kati ya manjano na nyekundu, lakini anaacha nyekundu bado imeshikana na ACC ya gari. Ukiwasha swichi, stima inaingia kwa redio, halafu inarudi nyuma kwa line yote ya ACC. Sasa umeamsha soketi ya lighter, saa ya dashi, vioo, kila kitu yenye inakula kwa hiyo line, kupitia kawaya kamoja kadogo. Fyuzi ikikatika utaambiwa "hiyo fyuzi ilikuwa mbaya." Fyuzi ilikuwa sawa. Fundi ndio mbaya.

Venye inafanywa na watu wako rada

Unataka swichi ya miguu mitatu, ile inachagua upande huu ama ule. Mguu wa katikati unaenda kwa nyekundu ya redio. Mguu wa kushoto unaenda kwa ACC ya gari. Mguu wa kulia unaenda kwa stima ya saa zote, na hapo kati unaweka kafyuzi kadogo, 5A inatosha kabisa juu nyekundu haibebi mzigo.

Imeisha. Swichi ikiwa kushoto, redio ni ya kawaida, inafuata ufunguo kama mtoto wa boarding. Swichi ikiwa kulia, redio ni yako. Zima gari, toa ufunguo, start tena, ngoma haijali. Na juu swichi inachagua upande mmoja tu, hizo line mbili hazikutani, stima hairudi nyuma kuharibia watu wengine maisha. Ukipata ile yenye inasimama katikati pia, hiyo ni bonasi: katikati hakuna anayepiga hodi, redio inalala hata ufunguo ukiwa ACC.

Amp usiiguse. Ile bluu yenye mstari mweupe inafuata redio. Redio ikiamka, amp inaamka. Redio ikilala, amp inalala. Na usitundike vitu mob kwa hiyo waya, hiyo ni ya kutoa ishara tu. Msee akitaka kuwasha LED za chini ya kiti kupitia remote, mnyang'anye plaiz.

Ukiwa unajijua wewe ni wa kusahau, na wengi wetu mtaani tunapiga story hadi tunasahau njia ya keja, ongeza ubongo kidogo. Kuna rilei za taima. Unaseti dakika 20 ama 30, zikifika, nyekundu inakatwa. Hii kitu magari ya GM ya Marekani huja nayo kutoka kiwandani: unazima, redio inaendelea kama dakika kumi ama hadi ufungue mlango. Ford pia wanayo. So mtu asikuambie unaharibu gari. Unaipatia kitu yenye majamaa wa Detroit walishaona ni poa.

Lakini kitu kali zaidi ni ile moduli ndogo ya kupima volti. Unaiambia: betri ikishuka hadi volti 12, kata. Haijalishi ni dakika ngapi, haijalishi mko na vibe gani, haijalishi nani alikuwa anaomba "moja ya mwisho". Inakata. Crew italia. Ndae itawaka. Hiyo ndio deal.

Kuunganisha, tumia crimp ama solder na ile mrija ya kujifinya ukiipasha moto. Toa terminal ya minus ya betri kabla uguse kitu. Na kama uko na amp, ile waya nene kutoka kwa betri lazima iwe na fyuzi yake karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi. Hiyo fyuzi inalinda waya ikichubuka na kugusa bodi. Kuna wasee huwa wakikosa fyuzi wanafunga karatasi ya fegi ama kawaya. Hao usipaki karibu nao.

Hesabu ya mtaa

Sasa tuongee namba, juu hapa ndio wasee wanajidanganya mchana.

Betri imepumzika, gari imezimwa kitambo, pima. Volti 12.6, imeshiba. 12.2, imebaki nusu. Chini ya 12, anza kuomba. Injini ikiwa on unafaa kuona 13.8 hadi 14.4 hivi, hiyo ni altaneta inafanya kazi. Ukiona 12.4 na injini on, redio haina makosa, tafuta fundi wa altaneta.

Redio peke yake, na spika za gari, volume ya kubonga, inavuta kama ampea mbili. Betri ya 35 Ah, usitumie zaidi ya nusu, so uko na kama 17. Hiyo ni masaa nane kwa karatasi. Kwa mtaa, betri yenye imeona miaka mitatu ya jam ya Jogoo Road, gawanya. Masaa matatu manne, bado mmebonga vya kutosha.

Ongeza amp na wufa. Sasa unavuta ampea kumi kwa wastani, na zaidi kila bass ikigonga. Hiyo 17 imekwisha kwa kama saa moja na dakika arobaini, na tukisema ukweli kuhusu betri nzee, sema dakika 40. So system kubwa na injini off si session. Ni sampuli.

Na zile stika. "5000W." Geuza amp, angalia fyuzi yake. Imeandikwa 30A? Zidisha na volti 14. Wati 420. Hiyo ndio stima yote yenye inaweza kuingia, na sehemu ingine inageuka joto. Hizo 5000 ziko wapi? Kwa rangi ya stika. Hata redio ya "50W mara 4", fyuzi ya nyuma ni 10A ama 15A, na kazi ya ukweli ni kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Inatosha kutingisha Vitz. Usilipe pesa ya wati zenye haziko.

Usiige nganya

Najua uliona nganya ya Rongai imesimama stage, ngoma inapasua, ukasema na mimi. Kaa chini.

Ile Isuzu NQR ya siti 33 haina stima kama yako. Ni mfumo wa volti 24, betri mbili kubwa zimeunganishwa, na zile system za volti 12 zinapewa stima kupitia konvata. Na injini yake karibu haizimwi, juu kuzima ni hasara na makanga hana hiyo time. Wewe uko na NS40 moja yenye inalingana na kiatu. Mkifanana, ni kwa stika tu.

Hata kwa nganya kuna Fundi wa Meno wake. Badala ya kununua konvata, anachomoa volti 12 kwa betri moja kati ya zile mbili. Moja inafanya kazi ya punda, ingine inakaa ikishibishwa kupita kiasi, na hazikai sawa tena. Betri zote zinaenda mapema. Mwenye gari analipa, fundi anasema "betri za siku hizi ni feki."

Wazae na nadharia zao

Kwa hii topic wazae hawana haya. Mbuyu akiskia ngoma na ndae imezimwa anatoka kwa mlango na vesti: "Hiyo redio itaua gari!" Redio haiui gari, Mbuyu. Hesabu imekosewa ndio inaua.

Ako na dawa yake: kila usiku, fungua boneti, toa terminal. Kila usiku! Na spana ya nambari kumi, kama sala. Mbuyu hajui zile redio za navi zenye zilikuja na Toyota kutoka Japan. Hizo nyingi zikikosa stima mara moja tu, zinaamka zimejifunga. Screen inaitisha SD kadi ya ramani ama code, kwa Kijapani, na dem wa ndani ya redio anaongea kitu hakuna mtu hapa Umoja anaelewa. Mbuyu akitoa terminal, ameua redio kabla redio iue kitu.

Dawa yake ya pili: "Sukumeni." Mbuyu bado anaishi ndani ya Peugeot 504. Heshima kwa 504, ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, hakuna ubishi hapo. Lakini ile ilikuwa manual. Vitz yako, Demio yako, Fielder yako, ni otomatiki. Unaweza kuisukuma kutoka Donholm hadi Machakos, haitawaka. Mtajenga tu mwili.

Na msiniletee ile ya "washa dakika tano ijicharge". Hiyo hata vijana wamerithi. Injini ikiwa inanguruma tu pale, na taa, na AC, na amp, altaneta inarudisha kidogo sana. Betri inashiba ukiendesha. Piga Thika Road hadi Kamakis na urudi, hapo umeifanyia kitu.

Wenye hybrid pia, skizeni. Aqua iko na betri kubwa ya hybrid, na mnadhani hiyo ndio inapiga redio. Zii. Redio inakula kwa betri ndogo ya volti 12 yenye imefichwa nyuma, na hiyo ikikauka, gari nzima inakuwa fanicha. Ukitaka session ndefu kwa Aqua, wacha iwe READY. Itawasha injini yenyewe ikihitaji na itashibisha hiyo ndogo. Usifanye hivyo ikiwa ndani ya garage imefungwa, moshi haina urafiki.

Trendy, aibu, na ghali

Kilicho form saa hii: Android ya inchi tisa imekaa flush kwa dashi, swichi ndogo imefichwa kwa kile kidroo cha sarafu, na hakuna mtu anajua iko hapo. Unatoka, unafunga, ngoma inaendelea, watu wanashangaa. Usieleze.

Pia form: kujua redio yako. Ile original ya Japan inashika FM kutoka 76 hadi 90 tu, zingine hadi 95. Ghetto Radio iko 89.5, so inaingia bila kuongeza kitu. Homeboyz iko 103.5, hiyo hupati bila band expander. Kuna msee amekuwa akiambia watu redio yake imeharibika miaka yote hiyo. Haijaharibika, iko Tokyo.

Kilicho aibu: swichi kubwa nyekundu ya pampu ya maji, imetobolewa katikati ya dashi. Waya za spika zikipita juu ya kapeti. LED zenye zinaendelea kumeta mchana. Na mfalme wa aibu zote, yule jamaa wa jumper. Amepeleka mresh Ngong Hills, jua linazama, playlist imepangwa, injini off ndio aonekane romantic. Masaa mawili baadaye anazungusha ufunguo: tik tik tik. Sasa anatembea kwa kila gari akisema "boss, uko na jumper?" na mresh ameshaita cab. Huyo jamaa hakukosa pesa. Alikosa swichi na moduli.

Kwa wenye watakuwa huyo jamaa, na ili mwenye anawasaidia asichome gari mbili: nyekundu kwa plus ya betri mbovu, nyekundu ya upande ule kwa plus ya betri nzima, nyeusi kwa minus ya betri nzima, nyeusi ya mwisho kwa chuma ya injini ya gari mbovu, mbali na betri. Washa ile nzima, ngoja dakika chache, washa mbovu. Ukigeuza plus na minus, umeongeza bili.

Na bili ndio hii. Betri mpya ya Vitz inakula zaidi ya thao sita, na betri ya gari haikuumbwa kukaushwa. Imeumbwa kupiga starter kwa nguvu sekunde chache halafu ishibishwe. Ukiimaliza hadi chini mara kadhaa, inashika sulfeti ndani na haishibi tena. So kila session ya kijinga inakata mwezi kwa maisha yake. Weka hiyo kando ya swichi ya soo moja, fyuzi na kishikio chake, rilei ya soo mbili tatu hivi, na fundi mwenye ako na multimita. Hata ukimlipa vizuri, bado uko mbali sana na bei ya betri moja. Ukitaka kuexpand, nunua betri kubwa yenye inaingia kwa trei yako kabla ununue wufa ya pili. Wufa ya pili kwa betri ile ile ni kununua kiatu na huna mguu.

Mtaa pia una masikio

Moja ya mwisho, na hii si ya wazae, ni yetu. Redio yenye haizimi inakuja na jukumu. Sheria ya kelele ya NEMA ya 2009 inahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni, na viwango vya mtaa wa kuishi vinashuka hapo. Karao akikupata saa sita usiku na wufa inatingisha madirisha za ploti, hatakuuliza ni swichi ya miguu mingapi. Halafu kuna mathe ametoka shift ya usiku pale hospitali, kuna mtoi ako na mtihani kesho. Base yenye inaheshimiwa ni ile inajua kushusha volume. Fade ya polepole ni swag kuliko kuzimwa na kanjo.

So verdict ni hii. Redio kukaa on bila ufunguo ni haki ya kila mwenye ndae, na mwenye kukuambia ni ushamba hajawahi katwa ngoma kwa drop. Lakini system haipimwi kwa kelele yenye imepiga. Inapimwa asubuhi, ukizungusha ufunguo. Ikiwaka, wewe ni mnoma. Isipowaka, ulikuwa tu umekopesha mtaa betri yako.

Wikendi hii, kabla crew ijae, fanya hivi: pima betri ikiwa imepumzika, andika hiyo namba, tafuta swichi ya miguu mitatu na moduli ya kukata kwa volti 12, na uende kwa fundi mwenye ako na multimita. Akianza kuchuna waya na meno, chukua ufunguo wako uhepe.